Dedan Kimathi wa Nyeri na Ugomvi wa Viongozi Msituni



Maradhi yanayoua jamaa za watu ni mengi, lakini hapana yanayofanya kazi kwa siri zaidi kuliko kinyongo baina ya viongozi. Adui wa nje huonekana, na watu wakamsimamia safu moja. Ama kinyongo hukaa ndani ya kifua cha mtu mwema, kikajivika nguo ya haki, hata mwenye nacho akadhani kwamba anapigania haki ilhali anaipigania nafsi yake. Kwa hivyo tumeona katika toleo hili tueleze maisha ya Dedan Kimathi wa Nyeri, aliyekufa mwaka 1957, kwani ndani ya maisha yake mna jambo ambalo sisi watu wa miji ya pwani twalihitaji kuliko tunavyodhani.

Huenda msomaji akauliza: Kijarida cha dini kina haja gani na mtu wa bara asiyekuwa Muislamu, ambaye watu wake walikula viapo visivyopatana na tauhidi, na vitani wakatenda mengine yasiyokubaliwa na sharia? Swali hilo ni la haki. Jawabu yetu ni kwamba Qur'ani yenyewe imetusimulia habari za kaumu nyingi zilizopita, zilizoamini na zisizoamini, ili tuzingatie. Mwenye akili husoma mwisho wa jambo kwa mwenziwe kabla halijamfika yeye. Na tena miji ya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru si migeni kwetu; ndugu zetu wa pwani walifuata misafara na maboma ya serikali tangu zamani, wakajenga huko nyumba zao na misikiti yao.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, Tetu, wilaya ya Nyeri. Baba yake alikufa mwaka huo huo kabla mtoto hajazaliwa, akalelewa na mama yake, Waibuthi. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imekwisha kubadilika. Waingereza walijenga boma lao Nyeri mwaka 1902 baada ya kupigana na watu wa Tetu, na katika miaka iliyofuata ardhi nyingi nzuri za nyanda za juu zikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Kila mwanamume wa Kiafrika akalazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Mtu akitoka bila ya kipande alishikwa kama mhalifu.

Kimathi alianza kusoma akiwa na umri wa miaka kama 15 katika shule ya Karuna-ini, kisha akaenda Tumutumu, karibu na Karatina, katika shule ya misheni ya Kiskochi. Alikuwa mwepesi wa kufahamu, hodari wa Kiingereza na wa mijadala, lakini mkaidi asiyependa kutiishwa. Karo ilimshinda, hata akawa akikusanya mbegu za miti na kuipelekea idara ya misitu apate fedha za kusomea. Masomo yake yakakatika kabla ya wakati. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingia jeshini kwa muda mfupi, asidumu; na baadaye alishika kazi mbalimbali, mara karani wa maziwa upande wa Ol Kalou, mara mwalimu Tumutumu penyewe aliposoma.

Tumeyataja haya kwa kusudi. Mtu huyu hakuwa askari wa asili. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu, na tabia yake ilikuwa ya mtu apendaye kuandika, kupanga, kuhesabu na kuamrisha. Sifa hizo ndizo zilizompandisha, nazo ndizo zilizowachukiza wengine.

KUINGIA SIASA NA KUINGIA MSITU

Chama cha KAU kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1944 kudai haki za Waafrika. Kimathi akajiunga nacho, na kufikia mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la upande wa Thomson's Falls, mji ambao siku hizi huitwa Nyahururu. Tarehe 26 Julai mwaka huo Jomo Kenyatta alihutubia mkutano wa chama mjini Nyeri, uliohudhuriwa na watu zaidi ya 20,000. Aliyeuona umati ule asingeweza kudhani kwamba jambo la watu wengi hivyo lingeweza kugawanyika.

Lakini chini ya siasa ya wazi ilikuwako nyingine ya siri, ya viapo, ambayo serikali iliiita Mau Mau. Viapo hivyo vilikusudiwa kuwafunga watu wawe kitu kimoja. Sisi twasema kwamba kiapo humfunga mtu ulimi na mkono, na hakikifungi kifua. Na habari hii itakapofika mwisho msomaji ataona kama tumesema kweli au la.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kenyatta na viongozi wenziwe wakakamatwa usiku ule. Kimathi naye alishikwa muda mfupi baadaye, akatoroka kwa msaada wa polisi waliomwonea huruma, akaingia msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare. Ni msitu wa milima ambayo kilele chake kinakaribia mita 4,000, wenye mianzi minene, mvua, ukungu na baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuifikiria. Mbele yake, kwa upande wa mashariki, ulisimama Mlima Kenya, na huko nako vijana wengine walikuwa wakikusanyika.

STANLEY MATHENGE

Miongoni mwa waliotangulia kuwakusanya vijana wa Nyeri msituni alikuwa Stanley Mathenge wa Mahiga, upande wa Othaya. Huyu alikuwa askari hasa. Alipigana katika vita vya Burma chini ya bendera ya Mwingereza, akarudi nyumbani na ujuzi wa bunduki, wa kuvizia na wa kuongoza watu motoni. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, lakini vijana walimpenda na kumtii, na kwa watu wengi wa Nyeri yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Basi walikutana humo watu wawili wa wilaya moja, mmoja mwenye upanga na mmoja mwenye kalamu, na vita vilihitaji vyote viwili. Lau kila mmoja angeuona upungufu wake katika ukamilifu wa mwenziwe, wangekuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja. Lakini wahenga wetu walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikuwa katika tufani.

MKUTANO WA MWATHE

Kufikia katikati ya mwaka 1953 vikundi vya msituni vilikuwa vingi na kila kimoja kina amiri wake. Kimathi aliona kwamba mambo hayawezi kuendelea hivyo. Alitembea kambi hata kambi, akaandika barua, akaita mkutano mkubwa mahali paitwapo Mwathe, katika Nyandarua, mwezi wa Agosti 1953. Maelfu ya wapiganaji wakahudhuria. Likaundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, Kimathi akachaguliwa kuwa rais wake, na majeshi yakagawanywa kwa wilaya na kupewa majina. Jeshi la Nyeri liliitwa Ituma Ndemi, na uamiri wake ukawa wa Mathenge.

Mathenge hakuhudhuria mkutano huo.

Na tusimame hapa kidogo. Kwa upande wa Mathenge, yeye aliona kwamba aliyekuja nyuma amemtangulia, na kwamba cheo kimegawanywa na mtu ambaye hakupata kusimama katika safu ya vita alizosimama yeye. Hilo si jambo dogo kwa askari. Kwa upande wa Kimathi, yeye aliona kwamba kazi ya kuwaunganisha watu ilikuwa imelala hata alipoiamsha yeye, na kwamba mwenye kualikwa asije hana haki ya kulalamika juu ya yaliyoamuliwa. Hilo nalo si jambo dogo. Kila mmoja alikuwa na hoja ambayo mtu mwadilifu angeisikiliza. Wala mmoja wao hakuufunga safari ya kwenda kwa mwenziwe peke yake, bila ya walinzi na makarani, wakae chini na kuumaliza ubishi huo ungali mchanga.

BUNGE NA MLANGO

Mwezi wa Februari 1954 viongozi wa Nyandarua walikusanyika tena, wakaunda Bunge la Kenya lenye wajumbe kumi na wawili, na Kimathi akawa Waziri Mkuu pamoja na cheo cha Jemadari Mkuu. Mathenge hakuwako safari hii pia. Yaliyokuwa manung'uniko yakaanza kuwa makundi. Watu wasiosoma wakasema kwamba wenye kusoma wamejitwalia vyeo, na vitabu vya hesabu, na amri, ilhali wao ndio wanaokufa. Na wenye kusoma wakawaona wale ni watu wasiofahamu utaratibu. Kila neno lililosemwa kambi hii lilifika kambi ile limeongezwa chumvi.

Wakati huo huo serikali haikulala. Tarehe 15 Januari 1954 ilikuwa imemkamata Waruhiu Itote, mtu wa Nyeri aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa baada ya kukubali kusaidia mazungumzo ya amani. Na mazungumzo hayo yakavunjika mwezi wa Aprili. Tarehe 24 mwezi huo serikali ikaufunga mji wa Nairobi na kuwakamata watu kwa maelfu, na kwa hivyo msitu ukakatiwa fedha, dawa na risasi. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa wilaya za Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa boma. Raia walilazimishwa kuchimba handaki pembezoni mwa msitu na kulitia vijiti vyenye ncha, ili chakula kisipite. Ndege zikamwaga mabomu juu ya mianzi.

Haitakuwa insafu kusema kwamba ugomvi peke yake ndio uliowashinda watu wa msituni. Walishindwa na njaa, na baridi, na dola kubwa yenye ndege na fedha. Pia kulikuwa na Wakikuyu wengi waliokuwa upande wa serikali, baadhi yao kwa woga, na baadhi kwa kuchukizwa na mauaji, kama yale ya Lari ya Machi 1953 ambapo wanawake na watoto walichomwa ndani ya nyumba zao. Na serikali na wasaidizi wake wakalipiza kwa kuua wengi pia. Lakini twasema hivi: Mtu mwenye njaa huhitaji umoja kuliko mtu aliyeshiba, na watu wa Nyandarua waliupoteza umoja wao katika wakati ule ule njaa ilipowafikia.

Mwaka 1955 kundi la Mathenge lilijitenga wazi, likajiita Kenya Riigi. Neno riigi kwa Kikikuyu maana yake ni mlango. Katika miezi hiyo serikali ilikuwa imetangaza, tangu tarehe 18 Januari 1955, kwamba atakayejisalimisha hatanyongwa, na watu wa Riigi wakaanza kuzungumza nayo. Huenda walikuwa na rai njema. Watu walikuwa wakifa, na kutafuta suluhu si dhambi. Lakini walizungumza kwa upande mmoja, pasi na shauri la wenzao. Kimathi aliposikia aliliona jambo hilo kuwa ni khiyana. Watu wake wakawakamata viongozi wa Riigi, Mathenge akiwa miongoni mwao, ili wahukumiwe na Bunge. Viongozi hao wakatoroka. Mazungumzo na serikali yakavunjika mwezi wa Mei, na muda wa msamaha ukaisha tarehe 10 Julai.

Tazama, ndugu msomaji, walivyofika. Walioapa kiapo kimoja, wa wilaya moja, wanaomkimbia adui mmoja, sasa wanakamatana wao kwa wao ndani ya msitu uliozingirwa. Mathenge akatoweka mwaka huo huo, isijulikane alikokwenda. Ikasemwa kwamba alivuka mpaka na wafuasi wake kuelekea Ethiopia. Mwaka 2003, karibu miaka hamsini baadaye, mzee mmoja aliletwa Nairobi kutoka Ethiopia kwa shangwe, ikidhaniwa ndiye Mathenge. Uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba si yeye.

MWISHO WA KIMATHI

Baada ya hayo Kimathi akabaki na cheo kikubwa na watu wachache. Dhana mbaya ilimtawala, adhabu katika kambi yake zikazidi ukali, na kila aliyeadhibiwa akasalimika alikuwa na sababu ya kukimbia. Serikali ilikuwa ikiwangoja hao. Afisa mmoja wa polisi, Ian Henderson, aliwachukua wapiganaji waliokamatwa na waliojisalimisha, akawarudisha msituni wamtafute kiongozi wao wa jana. Hao walizijua njia zake, na ishara zake, na mahali anapopenda kusali na kulala. Wako walioongozwa na hofu ya kitanzi, wako walioongozwa na uchovu, na wako walioongozwa na kinyongo cha zamani kilichopata nafasi. Kazi ambayo ndege za vita hazikuiweza ilifanywa na watu waliokula chakula chake.

Tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari kutangazwa, Kimathi alipigwa risasi ya paja na kukamatwa ukingoni mwa msitu, katika Tetu hiyo hiyo aliyozaliwa, akiwa peke yake, mwenye njaa, amevaa ngozi ya chui. Alishitakiwa Nyeri mwezi wa Novemba kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akahukumiwa kifo. Rufaa zake zikakataliwa. Akanyongwa katika gereza la Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 36. Katika miaka ile ya hali ya hatari serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya elfu moja.

Siku moja kabla ya kufa alimwandikia barua padri mmoja wa Nyeri. Humo hakutaja vyeo. Alishughulika na habari za mke wake, Mukami, aliyekuwa amefungwa, na masomo ya mwanawe. Mtu anapofika mlangoni mwa kaburi hujua kitu kipi kilikuwa kikubwa na kipi kilikuwa kidogo. Na msiba ni kwamba wengi wetu hatujui mpaka tufike hapo.

Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, mabaki ya wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika Ruring'u, Nyeri, wakaweka silaha chini. Hakuwako Kimathi wala Mathenge. Sheria ya kikoloni iliyowapiga marufuku Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba watu waliteswa, ikakubali kuwalipa zaidi ya wazee 5,000. Mukami alikufa mwaka 2023, na miaka yote hiyo aliomba aonyeshwe kaburi la mumewe amzike kwa heshima, asionyeshwe.

MFANO WA WALIOKIVUA KINYONGO

Je, jambo hili lawezekana, mtu kuweka chini haki yake kwa ajili ya wengi? Wasomaji wetu wana jawabu lililo wazi katika sira. Mwaka wa 8 wa Hijra, katika safari ya Dhat as-Salasil, Abu Ubayda bin al-Jarrah alipelekwa na jeshi la kumsaidia Amr bin al-As. Abu Ubayda alikuwa ametangulia katika Uislamu miaka mingi kabla ya Amr, na katika jeshi lake walikuwamo Abu Bakr na Umar. Amr akashikilia kwamba amiri ni yeye. Abu Ubayda alikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) amewausia wasihitalifiane, akamwachia, akasali nyuma yake. Akaja baadaye Khalid bin al-Walid, jemadari asiyeshindwa, akauzuliwa uamiri wa Sham na Sayyidna Umar, na mahali pake akawekwa Abu Ubayda huyo huyo. Khalid angeweza kuligawanya jeshi siku ile, kwani askari walimpenda. Akabaki katika safu, akapigana chini ya amri ya mwenziwe kama alivyopigana alipokuwa mkubwa.

Na asiyetosheka na mifano ya Masahaba, akidhani kwamba hao walikuwa watu wa namna nyingine, basi atazame Kenya hii hii. James Gichuru wa Kiambu alikuwa rais wa KAU, akamwachia Kenyatta nafasi hiyo mwaka 1947. Mwaka 1960 akashika urais wa KANU wakati Kenyatta yumo kizuizini, na mwaka 1961, Kenyatta alipofunguliwa, Gichuru akainuka kwenye kiti mara ya pili na kumpisha. Hakupungukiwa na kitu. Alikufa mwaka 1982 akiwa mtu mwenye heshima, na chama hakikuvunjika kwa ajili yake.

FUNZO LETU

Ndugu zetu, watu wengi hudhani kwamba kinyongo kibaya ni kile cha uongo. Sisi twaona kinyume cha hivyo. Kinyongo cha uongo huanguka chenyewe, kwani mwenye nacho huona haya kukitetea. Kinyongo cha hatari ni kile chenye haki ndani yake. Mathenge alikuwa na haki yake na Kimathi alikuwa na haki yake, na kila mmoja aliishika ya kwake kwa mikono miwili, hata haukubaki mkono wa kumshikia mwenziwe. Kusamehe ambapo hukudhulumiwa si kitu. Mtihani ni kwa yule aliyedhulumiwa kweli, akajua kwamba akidai haki yake leo jamaa yote itazama.

Mara ngapi tumeona katika miji yetu chuo kimefungwa, watoto wakatawanyika, kwa sababu ya nani awe mwenyekiti? Mara ngapi msikiti mmoja umezaa miwili katika mtaa mmoja, na waumini wa huku hawaitikii salamu ya wa kule? Wala hatujitoi sisi. Katika darsa yetu hii ndugu wawili walipata kukaa miezi saba hawasemezani kwa neno lililosemwa barazani juu ya fedha za kuchapisha, na kijarida kikasimama. Kila mmoja alikuwa na hoja. Kilichotuokoa ni kwamba mmoja wao, naye ndiye aliyeonewa zaidi, aliondoka baada ya sala ya Isha akaenda kugonga mlango wa mwenziwe. Hakudai kitu.

Kwa hivyo twajiusia sisi wenyewe kabla ya kuwausia wengine. Kwanza, mwenye lalamiko alipeleke kwa mwenyewe, uso kwa uso, wala asilipitishe barazani, kwani likipita huko hurudi na sura nyingine. Pili, aliyepata cheo ndiye aanze kumwendea aliyekosa. Kimathi baada ya Mwathe alikuwa na uwezo huo kuliko Mathenge. Tatu, aliyekosa asifungue mlango wake wa siri kwa mpinzani wa wote, hata kwa nia njema, kwani adui akiingia hatauliza nani alikuwa na haki.

Wala hatusemi kwamba watu wanyamazie dhulma na ubadhirifu kwa jina la umoja. La, kiongozi akila amana aambiwe na aondolewe. Tunalolizungumzia ni haki ya nafsi: cheo, kutangulizwa, kuombwa shauri, kutajwa jina. Hiyo ni mali ya mtu mwenyewe, na ana ruhusa kuisamehe akitaka. Suratul Anfal imetuonya kwamba mizozo huwaondolea watu nguvu zao, na onyo hilo limetimia kwa kila umma ulioliacha, Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu avitakase vifua vyetu, na awaafikie wakubwa wetu wapishane kwa wema kabla hawajapishwa na mauti. Amin.